Wacha Kulaumu Simu: Vile Utashuti Video Kali Ukiwa Busia, Malaba ama Namboboto

Kuna story imezoeleka mtaani, eti video zako hazitambi juu hauna iPhone mpya. Hiyo ni uongo. 2020, wakati korona ilitufungia kejani, Elsa Majimbo alijishuti na simu akitafuna krips na kujichekea, na watu wakamjua mpaka Marekani. Hata kabla yake, 2015, filamu ya Tangerine ilishutiwa na iPhone 5s na ikaonyeshwa kwa sinema. Hiyo simu leo ukiiweka poni, utachekwa.

Kitu inaua video zetu nyingi ni mwangaza na sauti. Na hizo hazinunuliwi dukani.

Anza na lenzi. Simu imelala kwa mfuko wa jinsi siku mzima, ikashikwa na mikono iko na mafuta ya chapo. Panguza lenzi na kitambaa laini kabla ya kila klipu. Ule ukungu unaona kwa video saa zingine ni uchafu tu. Na kama kuna mtu wa kukushikia simu, tumia kamera ya nyuma. Kwa simu nyingi inashinda ya selfi.

Jua ni taa ya bure. Huku tuko karibu na ikweta, kwa hivyo jua linachomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Shuti kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ama kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka lizame. Saa saba mchana jua liko juu ya kichwa na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Ukibanwa na hiyo saa, simama kwa kivuli cha mwembe ama baraza ya duka, uso ukiangalia nje kwenye mwangaza. Mtu akiwa na anga nyeupe nyuma yake, simu inafuata anga na uso unabaki giza. Gusa uso kwa skrini, ushikilie mpaka ikwame hapo.

Sauti ndio kusema. Mtu atavumilia picha hafifu, lakini asiposikia maneno anasonga. Pale Malaba trela zinanguruma mchana na usiku, na kule Sio Port upepo wa ziwa unaingia kwa maiki moja kwa moja. Dawa ni kuleta maiki karibu na mdomo. Hedifoni za waya zenye maiki zinatosha. Ama omba simu ya pili, washa rekoda, iingize kwa mfuko wa shati ya mwenye anaongea, halafu piga makofi mara moja mbele ya kamera. Ukifika kwa kuediti, linganisha hayo makofi na sauti imeingiana.

Tulia. Viwiko vishike mbavu, shikilia shoti moja ukihesabu mpaka kumi. Usivute zumu, tembea ukaribie. Simu isimame wima kama unaenda TikTok, ilale kama ni YouTube.

Linda nafasi. 1080p kwa fremu 30 inatosha. Kwa iPhone za sasa, dakika moja ya hiyo inakula karibu MB 60, na 4K ya fremu 30 inafika karibu MB 170. Ukimtumia editor kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo inabanwa na kupoteza ukali.

Sasa hii sikiza vizuri. Uso wa mtu uko na sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, Kamishna wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa. Shule moja nayo ikapigwa 4,550,000 juu ya picha za watoto ambazo wazazi hawakuwa wamekubali. Kwa hivyo kabla umshuti mama wa omena ama dere wa trela, muulize, na jibu lake ulirekodi. Mtoto, ongea na mzazi. Na ukikaribia forodha pale mpakani, ongea na maafisa kwanza, la sivyo unaweza jipata ukielezea kila klipu iko kwa simu.

Uko tayari? Leo jioni tafuta fundi wa baiskeli hapo Namboboto anaziba pancha, umwombe ruhusa. Piga shoti tatu: ya mbali tuone mahali, ya uso wake, na ya karibu kabisa ya mikono. Malizia na yeye akisema bei yake na mahali anapatikana. Sekunde 30 tu. Ukimwonyesha na aipende, mwambie ya pili ni ya kulipa.