Menyu Imeongezeka Usiku? Usiogope, Lakini Soma Hapa

Jana usiku menyu yako ya malipo ilikuwa na huduma sita. Leo asubuhi unapiga USSD ileile na unakuta saba: "Lipa karo" imeongezwa. Hukupakua chochote. Simu yenyewe ni kabambe, haina hata intaneti. Sasa unajiuliza, nani ameingia kwa laini yangu?

Hakuna aliyeingia. Menyu ya USSD haikai kwa simu yako. Inakaa kwa seva ya kampuni, na simu inaonyesha tu maandishi yanayotumwa, yasiyozidi herufi 182 kwa ukurasa mmoja. Zamani haikuwa hivi. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, menyu yake ilikuwa ndani ya laini yenyewe, na mteja alihitaji laini yenye menyu hiyo. Siku hizi huduma mpya inaweza kuongezwa kwa kuandika mistari michache tu kwenye faili ya maandishi.

Daftari la fundi wa nguo

Fikiria fundi anayeshona sare za shule. Hana mashine moja ya kila mtoto. Ana ujuzi wa kushona shati, sketi na suruali, halafu ana daftari: "Shati, kifua 34, mkono 22." Anasoma mstari, anakata, anashona. Mstari mmoja unatoa shati moja. Akija mtoto mwingine, anaongeza mstari. Hajengi duka upya.

Programu nayo inafanya vivyo hivyo. Ina ujuzi wa kutengeneza kitu kinachoitwa "malipo". Faili inaiambia maelezo yake:

aina: malipo
jina: Lipa karo
akaunti: lazima

Programu inasoma, inaunda huduma yenye jina hilo, na inajua lazima ikuulize nambari ya akaunti. Kitu kama hicho kilichoundwa ndani ya programu, wahandisi hukiita objekti.

Fundi hakuulizi

Ubaya ni kwamba fundi anaamini daftari. Ukiandika 43 badala ya 34, atakata 43, na kitambaa kimeenda.

Kwa kompyuta makosa ya aina hii huwa madogo sana kwa macho. Kuna mtindo maarufu wa kuandika faili hizi unaoitwa YAML. Katika toleo lake la 1.1, ukiandika 010 bila alama za kunukuu, programu inaweza kusoma 8, kwa sababu sifuri ya mbele inaiambia ihesabu kwa mafungu ya nane. Ukiandika NO, ambayo ni alama ya nchi ya Norway, inasoma "hapana". Sasa fikiria nambari ya mwanafunzi inayoanza na sifuri. Sifuri ikipotea, karo inaweza kukwama au kuingia kwa jina la mtoto mwingine, na wako anarudishwa nyumbani huku wewe una risiti mkononi.

Ndiyo maana faili hupaswa kukaguliwa na mtu wa pili, kisha kujaribiwa kwa pesa kidogo kabla ya kuwafikia wateja.

Mtu akichokora daftari

Kuna hatari nyingine. Je, mtu akiandika kwenye daftari, "Mpe huyu kitambaa chote"? Fundi mwerevu ana orodha: nashona shati, sketi na suruali, basi. Kingine chochote anakataa. Programu salama nayo ina orodha ya vitu inavyoruhusiwa kuunda.

Desemba 2021 dunia ilijifunza somo hili kwa uchungu. Log4j, programu ya Java inayotumiwa kuandika kumbukumbu za mifumo, ilipatikana na tundu. Mhalifu angeweza kutuma maandishi ya hila, na mfumo ukiyaandika tu kwenye kumbukumbu, Log4j ingeyachukua kama agizo, iende kwa seva ya mhalifu na ilete obji kutoka huko. Maandishi ya mtu baki yaligeuka kuwa amri.

Na wewe je?

Wakora wa simu wanatumia ujanja uleule kwa binadamu. SMS inasema "Umepokea Ksh 3,000", halafu mtu anapiga akilia urudishe. Ile SMS ni maandishi tu. Usiwe fundi anayekata kila kilichoandikwa.

- Angalia salio kwanza. Kama pesa haijaingia kwa salio, haijaingia.
- Soma jina kabla ya PIN. Hapo ndipo wewe unakuwa mkaguzi wa mwisho. Jina la shule likikosa kufanana, ghairi.
- Andika nambari ya akaunti jinsi ilivyo, pamoja na sifuri za mbele. Usiifupishe.
- Ukiona huduma usiyoijua, usiijaribu kwa pesa. Piga nambari rasmi ya huduma kwa wateja uulize. Usitumie nambari uliyotumiwa kwa SMS.
- Umekosea? Piga mara moja. Kila dakika ina maana, pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha.

Menyu itaendelea kubadilika, na mara nyingi ni kwa faida yako. Wewe soma kabla ya kubonyeza.