Kahawa ya Nyumbani (2): Kuchagua Punje

Juma lililopita tuliifuata kahawa kutoka mtini hadi mnadani Moshi. Leo tuingie dukani pamoja na mtu aliyezoea kahawa ya kopo, ile ya kukorogwa kwenye maji ya moto, ambaye sasa ameamua kununua punje na kujipikia. Mbele yake zimepangwa pakiti nyingi. Hii imeandikwa AA, ile Peaberry, nyingine Kilimanjaro, nyingine Bukoba, na bei zimepishana mno. Aanzie wapi?

Aigeuze pakiti atafute tarehe ya kukaangwa. Nalitanguliza jambo hili mbele ya aina, mkoa na daraja kwa sababu kahawa nzuri ya Mbinga iliyokaangwa mwaka jana itashindwa kikombeni na kahawa ya kawaida iliyokaangwa juma lililopita. Buni mbichi iliyokaushwa vizuri, unyevu wake ukabaki asilimia 11 hivi, hukaa ghalani miezi mingi bila kupoteza sana. Ikishapita motoni mambo hubadilika. Ndani ya punje iliyokaangwa mna hewa ya kaboni dioksaidi iliyozalishwa na moto. Hewa hiyo huanza kutoka punje zikiwa bado zinapoa, nayo hutoka pamoja na ile harufu tunayoipenda, huku oksijeni ya nje ikiingia na kuyaharibu mafuta taratibu. Kile kitundu kidogo cha plastiki kwenye pakiti za wakaangaji makini ni vali: hutoa hewa ya ndani na kuzuia ya nje isiingie.

Kwa hiyo kahawa iliyotoka motoni leo ingoje siku tatu au nne ndipo ipikwe, maana hewa ikiwa nyingi mno huyazuia maji yasipenye vizuri. Baada ya hapo ina mwezi mmoja mzuri, pengine na ziada kidogo ikitunzwa mbali na joto, jua na unyevu. Ikishasagwa, haifiki hata juma moja kabla ya kufifia, kwa kuwa kila punje imegeuka chembe nyingi zinazokabiliana na hewa. Nunua punje nzima, na nunua kidogo. Gramu 250 hutoa vikombe vikubwa kama 16, na kwa mtu mmoja hizo zinatosha majuma mawili.

Taabu ni kwamba pakiti nyingi madukani kwetu huonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake, nayo huwekwa mwaka mzima mbele au zaidi. Tarehe hiyo inamhakikishia mnunuzi kwamba kahawa haitamdhuru. Kuhusu ladha haimwambii lolote. Nchi inayolima kahawa hii ina haki ya kuinywa ikiwa hai, na wakaangaji wetu waombwe, tena waombwe na kila mnunuzi, kugonga muhuri wa siku waliyokaanga. Muulize muuza duka. Akishaulizwa na wateja kumi atamuuliza anayemletea.

Sasa tuje kwenye aina. Arabika ya Tanzania hulimwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Mbozi na Mbeya, Mbinga, na Kigoma. Robusta ni ya Kagera. Arabika hupenda milima, kuanzia mita 1,000 hivi kwenda juu. Usiku wa baridi hulifanya tunda liive polepole, punje ikawa ngumu na yenye uchachu mtamu unaosikika pembeni mwa ulimi. Robusta hustahimili joto na maradhi. Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni chungu zaidi na nzito zaidi mdomoni.

Wako wanaoitaja robusta kwa dharau, nami sikubaliani nao hata kidogo. Wahaya waliijua kahawa hii kabla mmisionari hajafika: matunda yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, na mgeni akakaribishwa kwa kupewa ya kutafuna. Arabika ya Uchagani ni ya juzi tukilinganisha, kwani ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Na mtu anayetaka kahawa chungu ya baraza, ile ya kutokoswa na tangawizi ndani ya dele na kunywewa kikombe kidogo kwa kashata, atapata uzito anaoutaka kwenye robusta ya Bukoba. Arabika laini ya Arusha ikitokoswa hivyo huishia kupotea ndani ya tangawizi. Anayetaka kuinywa bila sukari wala viungo, ajue ladha ya kahawa yenyewe, aanze na arabika.

Daraja lisimtishe. Herufi AA zinaeleza ukubwa wa punje. Buni hupitishwa kwenye nyungo zenye matundu ya vipimo mbalimbali, na zile kubwa zinazobaki juu ya matundu ya milimita 7 hivi ndizo AA. Chini yake Tanzania ina A na B, na Kenya ina AB. Ukubwa sawa husaidia punje ziive pamoja kikaangoni, hiyo ni faida ya kweli, lakini AB iliyotunzwa vizuri huipita AA iliyoanikwa ovyo. Peaberry nayo ni suala la umbo. Kwa kawaida tunda huwa na punje mbili zilizolaliana kwa upande ulio bapa. Pengine moja tu ndiyo hukua, ikawa ya mviringo. Huchambuliwa kando na kuuzwa ghali, hasa Marekani. Hata jina la mahali lahitaji uangalifu: nchini Japani arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ikiwa imelimwa Mbinga.

Jambo lenye uzito kuliko daraja ni namna tunda lilivyochakatwa. Arabika yetu na ya Kenya kwa sehemu kubwa huoshwa: tunda humenywa, utelezi huchachushwa na kuondolewa kwa maji, kisha buni huanikwa kwenye vichanja. Ladha yake huwa safi na yenye uchachu. Kahawa iliyokaushwa na ganda lake, kama ya Harar kule Ethiopia, huwa na utamu wa matunda mabivu na tabia isiyotabirika. Anayeanza achague iliyooshwa. Akibahatika kupata ya Rwanda au Burundi, ajue kwamba mara mojamoja punje moja mbovu hutoa harufu ya kiazi kibichi. Haidhuru mwili. Mwaga kikombe hicho, pakiti uibakize.

Kisha tazama rangi. Mimina punje chache kiganjani. Iliyokaangwa kiasi huwa ya hudhurungi, uso wake mkavu, na ndani ya mfuo wa katikati utaona ngozi nyembamba yenye rangi ya majani makavu. Iliyokaangwa sana hung'aa kwa mafuta na kukuachia alama vidoleni. Hiyo huchakaa upesi, na kila asili hufanana na nyenzake kwa sababu kinachoonjwa ni moto. Anza na ya kiasi.

Na kama dukani hakuna yenye tarehe? Nenda sokoni ununue buni mbichi, ukaange mwenyewe nje, kwani moshi ni mwingi. Chambua kwanza, utoe nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Tumia chungu au kikaango kizito, moto wa wastani, ukoroge bila kupumzika. Rangi ya kijani itageuka manjano kwa harufu ya nafaka, kisha hudhurungi, halafu utasikia punje zikialika kama bisi. Mlio ukitulia, hesabu dakika moja, epua. Ukiziacha utasikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, nazo zitakuwa zimeshaingia weusi. Zipoze upesi kwenye ungo huku ukipepeta ngozi. Kilo moja itarudi gramu 800 na kitu.

Ziache usiku mmoja, zifunge kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa, usiziweke kwenye friji. Juma lijalo tutazisaga, na tutapima maji: gramu 60 kwa lita moja ndicho kipimo tutakachoanza nacho.