Majani Makavu: Kweli au Si Kweli?

Kama umewahi kusimama karibu na muuza dawa za miti sokoni Ndhiwa, Homa Bay, bila shaka maneno yafuatayo umeyasikia. Huku ndiko alikotoka Gor Mahia, mganga ambaye klabu ya soka iliyoanzishwa mwaka 1968 ilipewa jina lake, kwa hiyo kila mtu ana la kusema kuhusu mimea. Lakini ikitajwa hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi pamoja na maelezo yake, uvumi huzidi. Tuupime.

"Jani la miaka mia ni takataka."
SI KWELI. Mwaka 2013 wanasayansi walisoma vinasaba vya kimelea kilichoangamiza viazi Ireland miaka ya 1840, wakivitoa katika majani yaliyokaushwa karne ya 19. Isitoshe, kila karatasi ina tarehe na mahali. Kwayo tunaweza kujua kilichoota pale ambapo leo pametanda miwa.

"Mimea yetu yote ilipelekwa Ulaya."
SI KWELI, ingawa mingi ilikwenda: bustani ya mimea ya Kew, London, ina sampuli zipatazo milioni 7. Hata hivyo, Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Usambara, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, ina takriban milioni moja. Na Ulaya si salama daima. Bomu lilipoiteketeza hebaria ya Berlin mwaka 1943, sampuli nyingi za Tanganyika ziliungua. Baadhi ya zilizoungua zilibaki na nakala zilizohifadhiwa kwingine.

"Mimea yote imeshajulikana."
SI KWELI. Wataalamu walitumia miaka 60, kuanzia 1952 hadi 2012, kuandika maelezo ya spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania, na spishi mpya bado zinapatikana. Utafiti wa mwaka 2010 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya mimea yenye maua ambayo haijapewa jina la kisayansi tayari imo ndani ya hebaria, ikisubiri mtu wa kuichunguza.

"Likishapigwa picha, jani litupwe."
SI KWELI. Picha humwezesha mwanafunzi wa Homa Bay kuitazama sampuli bila nauli ya Nairobi wala London. Lakini picha haina vinasaba, na ua lililomo huwezi kulipasua ukalitazama kwa hadubini. Tena, kupiga picha ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ngumu ni kusoma mwandiko uliofifia na majina ya zamani. Karatasi ikisema "South Kavirondo" tu, jina la zamani la eneo hili, anayeijua nchi hii vizuri ndiye atakayesaidia kukisia ni kilima kipi.

"Majina ya wazee hayana nafasi katika sayansi."
SI KWELI. Profesa John Kokwaro alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kijaluo mwaka 1972. Mtafiti akijua kuwa yago ni mwegea, na kwamba kitabuni ni Kigelia africana, anaweza kuunganisha maarifa ya mzee na karatasi ya ghalani. Tahadhari ni moja: jina moja linaweza kubeba spishi kadhaa, hivyo lazima liende na sampuli.

"Mti haujulikani kwa jani peke yake."
KWELI tupu, na wazee walipatia. Hunusa gome, hutazama utomvu, huuliza tunda. Mtaalamu wa mimea naye hudai ua au tunda, kisha huandika rangi, harufu na kimo, kwa sababu hayo hupotea mmea ukikauka.

Basi, msomaji, kabla mzee wako hajaondoka na elimu yake, mwombe ruhusa, kisha piga picha ya jani, ua, tunda na gome. Andika jina, mahali na tarehe. Ndani ya hifadhi ya Ruma usichume kitu bila kibali. Mmea usioandikwa ulikoota hauwezi kumsaidia mtafiti wa kesho.