Kuchangiana Mafuta Si Kulipa Nauli

Nchini Marekani, mwenye leseni ya rubani binafsi anaruhusiwa kuwachangisha anaowapakia, ila sheria imeubana mchango wenyewe. Kinachogawanywa ni mafuta, oili, malipo ya uwanjani na gharama ya kukodi ndege. Bima na matengenezo ya kila mwaka hayamo. Tena rubani halipi pungufu ya fungu lake: wakiwa wanne na gharama ikafika dola 400, angalau dola 100 zitoke mfukoni mwake. Juu ya hayo, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya huko, FAA, inataka rubani na abiria wawe na shughuli moja inayowapeleka, na safari isinadiwe kwa umma. Wapo wanaoyaona masharti haya mawili kuwa urasimu mtupu. Mimi nayaona yanamlinda abiria kuliko hesabu yote ya fedha.

Leseni binafsi hupatikana kwa saa 40 za kuruka. Ya biashara, kwa njia ya kawaida, hudai 250. Hata hizo hazitoshi, kwa kuwa anayebeba watu kwa malipo huhitaji pia cheti cha uendeshaji, na hicho huja na mitihani ya mara kwa mara kwa marubani na ukaguzi mkali wa ndege. Abiria hawezi kuona kwa macho kwamba rubani wake amekosa hayo. Januari 2019, mchezaji wa mpira Emiliano Sala alifariki katika mlango bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, ndani ya ndege ndogo ya injini moja. Wachunguzi wa Uingereza waliona kuwa huenda rubani alilemewa na gesi ya kaboni monoksidi. Lakini walibaini pia kwamba leseni yake haikumruhusu kurusha ndege kwa malipo, wala hakuwa na mafunzo ya kuruka usiku. Ile haikuwa safari ya kuchangiana hata kidogo, na ndiyo maana mpaka kati ya mchango na biashara lazima uonekane waziwazi.

Mpaka huo ulijaribiwa na kampuni ya Flytenow, ambayo tovuti yake iliwaunganisha marubani na abiria wa kuchangiana: ilidai kuwa tovuti hiyo ni ubao wa matangazo wa klabu ya marubani uliohamia mtandaoni. Mahakama ya rufaa mjini Washington iliikatalia Desemba 2015, na kwa haki: ubao wa klabu husomwa na watu wanaomjua rubani, tovuti husomwa na yeyote. Hoja nzito zaidi inatoka Ulaya, ambako tovuti kama hizo zinaruhusiwa, mradi ndani wasizidi watu sita pamoja na rubani na pasiwe na faida. Hata hivyo, kanuni ya huko haikutaja fungu la rubani ni kiasi gani. Imetosheka mradi asikose kulipa kabisa. Anayetoa euro tano katika gharama ya mia nne amekwishapata abiria wa kumlipia saa zake za kuruka, na kishawishi cha kuondoka hali ya hewa ikiwa mbaya kinakua. Ulaya ikitaka kubaki na tovuti hizo, iweke mafungu sawa, na abiria aelezwe kabla ya kulipa kwamba ndege hiyo haisimamiwi kama ya biashara.