FORT PORTAL: CHAGUA MSIMU KABLA YA KUOMBA RUHUSA

Askari hana likizo nyingi. Akishapokea karatasi ya ruhusa, siku zake huanza kuhesabiwa papo hapo, nazo hazingoji mvua ipite. Kwa hiyo, ndugu mpiganaji, nawe ndugu wa polisi, ukikusudia kuwapeleka jamaa zako Fort Portal, tazama kalenda kwanza.

Fort Portal, uliopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, umejengwa juu ya vilima vya Tooro, kiasi cha mita 1,500 toka usawa wa bahari, na mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka Kampala kwa barabara ya lami ipitayo Mubende. Upande wa magharibi umesimama mlima Rwenzori, ambao kilele chake kina mita 5,109. Hata hivyo wageni wengi hurejea makwao bila kuuona, kwa kuwa wingu huufunika.

MVUA NA KIANGAZI

Mvua hunyesha tangu Machi hadi Mei, kisha tangu Agosti hadi Novemba. Wakati huo njia za udongo ziendazo kwenye maziwa yaliyo ndani ya mashimo ya volkeno za kale huwa utelezi mtupu. Kiangazi ni Desemba hadi Februari, tena Juni na Julai. Lakini Januari na Februari moshi wa nyasi zichomwazo huweza kulifunga anga. Kwa mwenye kutaka kuuona mlima, mimi nachagua mwisho wa Juni na mwezi wa Julai. Aamke alfajiri, avae koti, atazame magharibi kabla wingu halijapanda.

Anayependa watu kuliko mlima na aende tarehe 12 Septemba, siku ya Empango, ambapo Watooro huadhimisha kutawazwa kwa Mfalme Oyo mwaka 1995, alipokuwa mtoto wa miaka 3. Huyo achukue mwavuli.

MJI WA ASKARI

Jina la mji lenyewe latokana na ngome. Mwaka 1891 Lugard alimrudisha Kasagama katika kiti cha Tooro, akaweka ngome zenye askari wa Kisudani ili kuyazuia majeshi ya Kabalega wa Bunyoro. Baadaye ngome ya hapo ikapewa jina la Gerald Portal. Miaka michache ikapita; mwaka 1897 askari wa Kisudani nchini Uganda, waliochoshwa na safari zisizokwisha, mshahara mdogo tena wa kucheleweshwa, na kutenganishwa na wake zao, wakaasi. Damu nyingi ilimwagika. Tangu hapo yafaa ikumbukwe kwamba mapumziko ya askari ni sehemu ya nidhamu yake.

USICHELEWE MNO

Liko jambo jingine. Mwaka 1906, watu walipofika kileleni kwa mara ya kwanza inayojulikana, barafu ya Rwenzori ilienea zaidi ya kilomita 6 za mraba. Leo haifiki hata kilomita moja, na yaendelea kuyeyuka. Huenda wajukuu zetu wakaisikia katika masimulizi tu.

Basi, orodha ya likizo itakapoandikwa kikosini, usiseme "wakati wowote". Taja mwezi. Kisha nenda na wanao, uwaonyeshe mlima huo asubuhi moja iliyo wazi.