Usilisubiri Jeshi Ukiwa Umekaa

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai. Katikati hapo, wahitimu wa shule za Tanzania Bara huwa wameshapanda mabasi kwenda kambi ambazo wengi wao walikuwa hawajawahi hata kuzisikia: Bulombora kule Kigoma, Rwamkoma mkoani Mara, Mlale Ruvuma, Luwa Rukwa, Oljoro Arusha, Maramba Tanga. Wanaitwa kwa mujibu wa sheria kupata mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wanaamshwa alfajiri, wanakimbia mchakamchaka, wanajifunza kwata na kushika silaha, wanalima, wanalinda lindo usiku. Miezi mitatu ikiisha wanarudi nyumbani wamekonda, wamekomaa, na sauti zimewakauka kwa kuimba.

Wengi huendelea na safari zao za chuo. Lipo kundi moja, hata hivyo, ambalo sisi tunaofanya kazi ya kuwashauri vijana kuhusu masomo na ajira tunapaswa kulitazama kwa makini zaidi. Ni wale walioyapenda maisha ya kambi kwa dhati, na sasa wanawaambia wazazi wao kwamba chuo hawakitaki, wanasubiri jeshi litangaze nafasi. Kijana wa namna hiyo anakaa nyumbani mwaka wa kwanza, anaingia wa pili. Kila tetesi ya nafasi ikipita kwenye kundi la WhatsApp anashtuka, anapiga simu, anaambiwa bado. Mapenzi yake kwa jeshi ni mema na ya kuheshimiwa. Kosa liko kwenye kusubiri.

Tatizo huanzia kwenye kuchanganya milango mitatu iliyo tofauti kabisa. JKT kwa mujibu wa sheria ni mafunzo ya muda mfupi ambayo kila mhitimu wa kidato cha sita anayeitwa anapaswa kuyapata, awe na ndoto ya kuwa mwanajeshi au mfamasia. JKT kwa kujitolea ni mkataba wa miaka miwili. Unaomba kupitia ofisi za wilaya na mkoa, unasailiwa, unakwenda kambini kujifunza uaskari na stadi za kazi huku ukipata posho ndogo. Mlango wa tatu ni Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lenye ajira, cheo, mshahara na pensheni. Kupita mlango wa kwanza au wa pili hakukupi haki ya kupita wa tatu. JKT lenyewe husema hivyo kila linapotangaza nafasi za kujitolea: halitoi ajira wala halihusiki kumtafutia kijana ajira katika vyombo vya ulinzi na usalama. Sentensi hiyo huandikwa kwa maneno mepesi, na bado ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko zote.

Historia ya JKT yenyewe inafaa kujulikana na anayetaka kuingia humo. Lilianzishwa Julai 10, 1963, Tanganyika ikiwa huru kwa mwaka mmoja na nusu tu. JWTZ lilifuata Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo katika kambi ya Colito kulivunja jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni. Serikali ilipoamua kwamba wasomi nao walitumikie taifa kwa lazima, vijana wa wakati ule hawakufurahi. Masharti yalikuwa karibu miaka miwili kwa jumla: miezi mitano kambini, kisha miezi kumi na minane kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300, na palepale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mpango wa lazima ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, wabunge vijana wakiwa miongoni mwa waliotangulia kambini. Sheria ni ileile, ila kizazi kimebadilika. Babu za vijana wa leo waliandamana ili wasiende, wao wanalia wasipochukuliwa. Kilichobadilika ni soko la ajira, na kijana mwenye kukiri hilo moyoni mwake hufanya uamuzi bora zaidi. Swali la kujiuliza ni hili: nalitaka jeshi, au nataka kazi yoyote yenye mshahara wa uhakika? Majibu yote mawili ni halali. Njia zake ndizo zinazotofautiana.

Kwa yule anayedhani miaka ya kujitolea humlazimu mwajiri, yako ya mwaka 2021. Aprili mwaka huo Jenerali Venance Mabeyo, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, alitangaza kuondolewa kambini kwa vijana 854 wa JKT waliogoma wakidai kuajiriwa jeshini. Walikuwa vijana waliofanya kazi kwa jasho katika miradi ya taifa na kuamini kwamba ahadi ya ajira imeshawafikia. Mimi nawahurumia. Miaka ile ya nguvu zao ilikuwa ya kweli, na uchungu wao ulikuwa wa kweli. Lakini mgomo jeshini una jina lake, na jeshi lolote duniani lingewaondoa. Kilichowaponza ni kuwa na tumaini moja tu. Aliyerudi nyumbani akiwa na cheti cha ufundi alianza kutafuta kazi wiki iliyofuata. Asiyekuwa nacho alianza upya kabisa.

Sasa tuhesabu umri, maana hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, JWTZ limetaka waombaji wenye elimu ya sekondari wawe na miaka 18 hadi 24, na wawe na cheti cha mafunzo ya JKT, ya mujibu wa sheria au ya kujitolea. Mwenye shahada huongezewa umri, na daktari huongezewa zaidi. Chukua kijana aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 20. Akikaa nyumbani miaka miwili kisha akaenda kujitolea miaka miwili, anatoka kambini na miaka 24, mkononi ana vyeti vilevile vya shule pamoja na kile cha JKT. Hapo mlango wa JWTZ unakaribia kufungwa mbele ya macho yake. Mwenzake wa umri huohuo anakwenda mujibu wa sheria, anarudi, anasoma stashahada ya uuguzi ya miaka mitatu. Anamaliza na miaka 23. Cheti cha JKT anacho, taaluma anayo, na tangazo likitoka anaomba kama muuguzi. Lisipotoka, hospitali na vituo vya afya vipo.

Wala sikuchagua uuguzi kwa kubahatisha. Soma tangazo lolote la jeshi la siku hizi uone fani zinazotajwa: madaktari, wauguzi, wafamasia, wataalamu wa mionzi, wa dawa za usingizi, wahandisi wa umeme, wa mitambo, wa ndege na wa meli, mafundi wa kuchomelea vyuma. Jeshi ni mji mzima. Lina hospitali, karakana, viwanda, magari, mitambo ya mawasiliano na majiko ya kulisha maelfu. Kijana mwenye fani anajaza pengo ambalo kamanda fulani amelilalamikia kwa muda mrefu. Kijana mwenye ari peke yake anashindana na maelfu wenye ari hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mhitimu wa kidato cha sita anayelitaka jeshi ni wa upande mmoja, na sioni sababu ya kuulainisha. Nenda mujibu wa sheria ukiitwa, umalize, ukitunze cheti. Kisha soma kitu ambacho mikono yako itakijua. Kama alama zinaruhusu shahada ya uhandisi, tiba au kompyuta, omba chuo na mkopo wa Bodi ya Mikopo mapema. Kama haziruhusu, ziko stashahada za vyuo vya kati, na ziko fani za VETA: umeme wa magari, uchomeleaji, ufundi bomba, majokofu. Kujitolea JKT ni njia nzuri kwa asiyeweza kabisa kumudu chuo sasa hivi, kwa sharti kwamba aingie akijua anakwenda kujifunza stadi, achague stadi hiyo mapema na aisome kana kwamba jeshi halitamwajiri kamwe.

Anayelenga uofisa ana sababu zaidi ya kusoma. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi cha Monduli, Arusha, kinatoa shahada ya sayansi ya kijeshi kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha. Wanaohitimu hutunukiwa kamisheni na Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, na kuwa Luteni Usu. Mwenye kipaji cha michezo naye asikidharau. Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ.

Kuna jambo dogo ambalo huonyesha msimamo wa jeshi lenyewe kuhusu elimu. Tazama orodha ya vitu ambavyo JKT humwagiza kijana wa mujibu wa sheria aje navyo: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni na mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, nguo za baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi, nauli ya kwenda na kurudi. Na katikati ya bukta na soksi, orodha inataja nyaraka za kuombea udahili wa chuo. Kambi inakuagiza uje na vyeti vyako ili usikose nafasi ya chuo ukiwa kwenye kwata. Jeshi halikukuambia uache shule. Umejiambia mwenyewe.

Nikitaja vyeti, niruhusu nikae hapo kidogo, maana vijana wazuri hukwama kwa herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Mohammed, kitambulisho cha NIDA Muhammad. Au binti aliandikishwa shuleni kwa jina la mjomba aliyemlea, na la baba likabaki kwenye cheti cha kuzaliwa. Nyumbani hakuna aliyeona tatizo kwa miaka ishirini. Mbele ya meza ya usaili, hao ni watu tofauti. Panga vyeti vyote mezani, soma herufi kwa herufi pamoja na tarehe ya kuzaliwa, na ukiona tofauti anza na jina lililo kwenye cheti cha NECTA, kisha fuata ofisi za RITA na NIDA kurekebisha mengine. Kazi hiyo huhitaji wiki au miezi. Siku za kutuma maombi huwa chache, na huwezi kurekebisha jina ndani yake.

Mwili nao una ratiba yake. Pima macho, masikio, meno na shinikizo la damu sasa, ukiwa na muda wa kutibiwa, kuliko kugundua tatizo kwenye foleni ya usaili. Endelea kukimbia, maana nguvu za kambini hupotea upesi ukikaa kibarazani. Na kuna maamuzi ya ujana yasiyorudi nyuma. Jeshi la Polisi, kwa mfano, limekuwa likitaka waombaji ambao hawajaoa wala kuolewa, hawana watoto na hawana michoro mwilini. Mwenye rekodi ya jinai hafiki popote. Mchoro wa begani uliochorwa kwa kufuata marafiki unaweza kuwa ndio jibu la maombi yako yote.

Mzazi, maneno ya mwisho ni yako. Atakuja mtu mwenye sauti ya upole, atakwambia ana ndugu makao makuu, na kwamba kwa milioni kadhaa mwanao ataitwa. Mtu huyo ni tapeli. Nafasi za jeshi haziuzwi, na jeshi limekuwa likionya hivyo mara kwa mara. Nimeona familia zikiuza ng'ombe na viwanja, na kijana akapewa barua ya bandia aliyokamatwa nayo getini. Fedha hiyo inatosha ada ya chuo. Ilipe chuoni, mpeleke kijana, na tangazo la JWTZ litakapotoka mkalisome pamoja, mstari kwa mstari, kutoka kwenye tovuti ya jeshi lenyewe.