Magari ya Taka: Kila Nchi na Mtindo Wake

Taka za mji zisipoondolewa kwa siku chache, nzi na panya huongezeka, mitaro huziba, na maradhi huwapata watu. Kwa hiyo namna gari la kuzolea taka lilivyoundwa si jambo dogo. Kazi ni moja duniani kote, lakini magari hayafanani, kwa kuwa barabara, taka na desturi za watu hazifanani.

Mwanzo Wake

Zamani taka zilichukuliwa kwa magari ya kukokotwa na farasi. Huko Paris, mtawala wa jimbo, Eugène Poubelle, alitoa amri mwaka 1883 kuwa wenye nyumba waweke mapipa yenye vifuniko; na hata leo Wafaransa huliita pipa la taka kwa jina lake. Mwaka 1897 kiwanda cha Thornycroft, Uingereza, kiliunda gari la taka lililokwenda kwa nguvu ya mvuke.

Magari ya kwanza yalikuwa kama masanduku tu. Yalijaa upesi, na upepo ukapeperusha taka njiani. Mwaka 1938 kampuni ya Gar Wood ya Marekani ilitoa gari lenye bamba la chuma linalosukumwa kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa na pampu. Bamba hilo hushindilia taka, na hivyo gari hubeba nyingi zaidi kwa safari moja.

Mitindo ya Leo

Ujerumani, baadhi ya magari yana pipa kubwa lizungukalo, mfano wa gari la kuchanganyia saruji. Ndani yake mna mapezi ya chuma yaliyopindwa kama parafujo, nayo huvuta taka na kuzibana. Marekani na Australia hutumia sana gari lenye mkono wa chuma ubavuni. Dereva hunyanyua pipa bila ya kushuka, lakini sharti mapipa yawe ya namna moja na njia iwe wazi. Japani, ambako vichochoro ni vyembamba, hutumika magari madogo. Katika Taiwan gari hupita likipiga muziki, mara nyingi wimbo wa Beethoven, nao watu hutoka na mifuko yao na kuitia garini wenyewe.

Lipi Bora?

Gari la thamani kubwa si lazima liwe ndilo lifaalo. Katika miji ya Afrika ya Mashariki sehemu kubwa ya taka ni maganda na mabaki ya vyakula, yenye maji mengi na uzito. Taka za namna hiyo hazishindiliki sana. Zikibanwa hutoa maji machafu yatiririkayo barabarani. Tena mtambo ukivunjika na vipuri havipatikani, gari hulala na taka hurundikana. Mahali kama hapo lori la kawaida, lenye turubai na ubao wa kushusha mzigo, laweza kufanya kazi zaidi. Kabla ya kununua, basi, yafaa upana wa njia na uzito wa taka vipimwe kwanza.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Wachuje maji katika taka za jikoni, na vigae vya chupa wavifunge mbali, ili visije vikamkata mzoa taka mikono.